Sarafu za zamani kwenye mnada wa intaneti: hatari ya picha ya mfano

Kuna nyumba ambamo wazee wangali wamechunga sarafu za wakati wa ukoloni, ndani ya mkebe ao kwenye kona ya sanduku. Leo mtoto ao ndugu aliye Ulaya anaweza kuziuzisha kwenye mnada wa intaneti, kwa sababu wakusanyaji wa sarafu za Kongo wako, zaidi sana kule Ubelgiji. Matata yanaanza pale muuzaji anapoweka picha ambayo si ya sarafu aliyo nayo mkononi.

Picha ya mfano ni nini?

Ni picha ya kitu kinachofanana na kile kinachouzishwa. Muuzaji anaitoa kwenye katalogi, anaichukua kwa muuzaji mwingine, ao anatumia picha moja kwa sarafu kumi. Kwa telefone mpya ingali ndani ya kartoni, hakuna neno: zote zilitoka kiwandani sawasawa. Lakini sarafu mbili zilizopita mikononi mwa watu kwa miaka mingi haziwezi kuwa sawa tena.

Hali ya sarafu njo bei yake

Mfano mzuri ni franka 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo. Ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa maana wakati huo Ubelgiji ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Zilitengenezwa mamilioni, kwa hiyo ile iliyochakaa ni ya bei ndogo. Ile ambayo mistari ya tembo ingali wazi njo wakusanyaji wanaitafuta.

Wataalamu wanapima hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Karibu na 70, hatua moja tu inaweza kupandisha bei sana. Kwa hiyo mtu aliyeonyeshwa picha inayong'aa, kisha akapokea tembo asiye na masikio, amelipa bei ya sarafu nyingine.

Kuna pia hatari ya sarafu za uongo. Franka 5 ya Léopold II, iliyopigwa kati ya 1887 na 1896, ni ya madini ya fedha, uzito gramu 25, upana milimita 37. Sarafu kubwa za namna hiyo huigwa. Picha ya sarafu ya kweli inaweza kuficha ile ya uongo iliyo ndani ya bahasha.

Lini inakubaliwa?

Kwenye eBay, picha ya mfano hairuhusiwi kwa kitu kilichokwisha kutumiwa. Wakusanyaji wanaivumilia zaidi kwa sarafu mpya zinazouzwa kufuatana na uzito wa madini, sawa vile Krugerrand ya Afrika Kusini, muuzaji akiwa nazo nyingi za namna moja. Hata hapo, anapaswa kuandika wazi kwamba picha ni ya mfano.

Mnunuzi aangalie nini?

- Picha ileile iko kwa wauzaji wengine.
- Mwaka ulio kwenye picha hautambulikani na ule ulioandikwa.
- Upande mmoja tu njo unaonekana.
- Muuzaji anakataa kutuma picha nyingine. Aombwe picha ya sarafu kando ya karatasi yenye tarehe ya siku hiyo.
- Sarafu iliyofungwa ndani ya plastiki na PCGS ao NGC iko na namba; namba hiyo ihakikishwe kwenye tovuti yao, kisha mikwaruzo na madoa yalinganishwe.

Muuzaji afanye nini?

Telefone ya kawaida inatosha. Sarafu iwekwe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, bila taa ya telefone kwa sababu inafuta mikwaruzo. Zipigwe pande zote mbili na ukingo. Rula iwekwe kando, na uzito uandikwe. Mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu inafaa kabisa.

Sarafu isisuguliwe kwa mchanga, majivu ao ndimu. Wengi wanafikiri kuing'arisha kunaongeza bei, kumbe kunaiharibu, na mkusanyaji anatambua mara moja. Kasoro ionyeshwe: mnunuzi aliyeiona mbele hawezi kuirudisha kwa sababu hiyo.

Aliyedanganywa na picha anaweza kudai feza yake, na muuzaji anabaki na gharama ya posta na jina baya. Lakini hata mwenye sarafu nzuri anapoteza akitumia picha ya kuazima. Wakusanyaji wazoefu wanaitambua, wanaogopa, wanatoa bei ya chini. Na hivyo franka ya babu, iliyochungwa miaka yote hiyo, inaenda kwa bei ya bure.