Bruce Lee, chainizi na 'Kiriman': Asia Mashariki inavyofika Mbinga na Ziwa Nyasa

Mtu wa Liparamba hahitaji tiketi ya ndege ili akutane na Asia Mashariki. Ipo kwenye simu yake, ndani ya memori kadi iliyojazwa sizoni ya Kikorea. Ipo sokoni, kwenye fungu la chainizi. Ipo hata kwenye mashamba ya milimani Mbinga, ambako kahawa inayochumwa kwa mkono huishia kwenye vikombe vya Tokyo ikiwa na jina ambalo si la Mbinga.

Liparamba ni kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, jirani na mpaka wa Msumbiji. Wengi wanaijua kwa Pori la Akiba lenye jina hilohilo. Nyasa yenyewe ilimegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010. Si eneo la majumba ya sinema wala matamasha ya filamu, lakini muvi zinafika, na zina historia ndefu kuliko watazamaji wengi wanavyodhani.

Mji aliozaliwa Bruce Lee

Ukitaka kuona utamaduni wa Asia Mashariki umekusanyika mtaa mmoja, mfano unaotajwa sana ni San Francisco, Marekani. Chinatown ya mji huo ndiyo kongwe kuliko zote Amerika Kaskazini. Wachina walifika kwa wingi katikati ya karne ya 19 wakifuata dhahabu, wakafanya kazi ya kujenga reli, kisha mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1943.

Tetemeko la ardhi la 1906 lilipobomoa mtaa wao, wapo viongozi wa mji waliotaka Wachina wahamishwe moja kwa moja. Wafanyabiashara wa Kichina wakawahi. Walijenga upya kwa mapaa ya mtindo wa pagoda ili watalii wavutike, na mji uone hasara ya kuwafukuza. Kwa hiyo "Uchina" ule unaopigwa picha leo kwa sehemu kubwa ulijengwa kwa ajili ya macho ya wageni.

Siku hizi mji huo una gwaride la Mwaka Mpya wa Kichina, tamasha la maua ya mcheri mwezi Aprili kwenye mtaa wa Wajapani, na tamasha la filamu la CAAMFest, lililoanza mwaka 1982. Na ndiko alikozaliwa Bruce Lee, Novemba 27, 1940. Baba yake alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni aliyekuwa ziarani Marekani na kundi lake. Mtoto akarudishwa Hong Kong akiwa mchanga, akakulia huko, akarejea Marekani mwaka 1959.

Alifariki Hong Kong Julai 20, 1973 akiwa na miaka 32, wiki chache kabla ya Enter the Dragon kuanza kuonyeshwa.

Sauti moja, wahusika wote

Filamu za Bruce Lee zilijaza majumba ya sinema ya Tanzania miaka ya 1970. Zilipendwa kwa sababu rahisi: teke halihitaji mkalimani. Kijana asiyejua Kiingereza wala Kikantoni alielewa nani kaonewa na nani atalipa. Na kila mtu alijua steringi hafi, labda muvi iwe ya mwisho.

Sinema kubwa zilipofifia, video ikachukua nafasi. Vibanda umiza vikaenea hadi vijijini: televisheni moja, deki, mabenchi, jenereta pale pasipo na umeme, na kiingilio cha hela ndogo. Hapo ndipo akaja mtu muhimu kuliko wote katika habari hii, yaani mtafsiri.

Utamaduni wa mtu mmoja kusimulia muvi ulikuwa umeshika Uganda, ambako wanaitwa VJ. Dar es Salaam jina kubwa la mwanzo ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyetafsiri mamia ya filamu. Kenya wana DJ Afro. Watazamaji wa sasa wa Tanzania wanamjua zaidi DJ Murphy.

Kazi yao si tafsiri ya darasani. Sauti ya asili hushushwa, kisha mtu mmoja anasema maneno ya steringi, ya adui, ya mama mkwe na ya mfalme. Anaeleza kwa nini jamaa amekasirika. Anatania, anaongeza methali, anafananisha ikulu ya Korea ya kale na mtaa wa Manzese. Mara nyingi anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, kwa hiyo neno limeshasafiri lugha mbili kabla ya kumfikia mtazamaji wa Mbamba Bay. Makosa yapo, tena mengine makubwa. Lakini bila watu hawa, sizoni kama Jumong isingetoka mijini.

Jumong ni ya kituo cha MBC cha Korea Kusini, ilirushwa 2006 hadi 2007, vipande 81. Inahusu mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo. Ni hadithi ya mtoto aliyedharauliwa nyumbani, akaondoka na watu wake, akaanzisha taifa. Kwa watu waliokua wakisikia habari za Wangoni na safari yao kutoka kusini mwa Afrika hadi Songea, hadithi ya namna hiyo haina ugeni mkubwa.

Wachina nao wakaingia kwa njia rasmi. Radio China Kimataifa, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, ilishiriki kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, na TBC ikaanza kuirusha Novemba 2011. Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 25, 2013. Mwaka 2016 StarTimes iliendesha shindano la kutafuta sauti za Kiswahili nchini Tanzania, na washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopewa kazi ya mpango wa China wa kufikisha televisheni ya satelaiti kwenye vijiji 10,000 vya Afrika, uliotangazwa Johannesburg Desemba 2015.

Tafsiri hizi mbili ni vitu tofauti. Ya Beijing ina Kiswahili sanifu, kila mhusika ana sauti yake, na waliohusika wanalipwa kwa mkataba. Ya DJ ina uhai zaidi, lakini kisheria imesimama pabaya: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa tafsiri. Tangu 2013 filamu na muziki unaouzwa unatakiwa pia kuwa na stempu ya TRA. Muvi iliyojazwa kwenye flashi pale stendi haina stempu wala ruhusa ya Seoul. DJ mwenyewe naye hana cha kudai pindi sauti yake inapochukuliwa na mwingine na kuwekwa kwenye aplikesheni yenye matangazo. Aliyejenga soko ndiye asiye na karatasi.

Mboga ya Kichina kwenye ugali

Upande wa chakula, Asia Mashariki imeingia kimyakimya. Chainizi ni mboga iliyopata jina lake kutokana na asili yake, na leo inauzwa pembeni ya mchicha na figiri bila mtu kuiona ngeni. Inaungwa kwa kitunguu na nyanya, inaliwa na ugali, basi.

Ndugu yake, kabichi ya Kichina inayofunga kichwa, ndiyo Wakorea wanayotengenezea kimchi kwa chumvi, pilipili, kitunguu saumu na kuichachusha. Kazi ya kuandaa kimchi ya majira ya baridi hufanywa na familia na majirani pamoja. Inaitwa kimjang, na ile ya Korea Kusini iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013. Ni shughuli inayofanana na wanawake wanaokusanyika kuandaa chakula cha harusi, isipokuwa hapa kinachoandaliwa ni akiba ya miezi.

Kisha kuna soya. Zao hili lina asili ya Asia Mashariki, na Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolima kwa wingi nchini. Nyumbani hutumika kwenye uji wa lishe wa watoto, na nyingine huishia kuwa chakula cha kuku. China na Japan huigeuza kuwa tofu: inalowekwa, inasagwa, inachemshwa na kuchujwa, kisha maziwa yake yanagandishwa karibu kama jibini. Hakuna hatua hapo inayoshinda jiko la kawaida. Mwaka 2020 China, mnunuzi mkubwa wa soya duniani, ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania.

Hata usipa una mwenzake. Wajapani huchemsha dagaa wadogo, huwaanika, kisha huwatumia kutengeneza supu ya msingi wa vyakula vingi. Wanawaita niboshi. Mvuvi wa Ziwa Nyasa akiwaona dukani Tokyo hataambiwa ni nini.

'Kiriman' bila mlima

Sehemu yenye hela halisi ni kahawa.

Wilaya ya Mbinga, nchi ya Wamatengo, inalima arabika milimani. Wajapani wanaifahamu Mbinga kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma: watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuanzia miaka ya 1990, kwa msaada wa JICA, wakisoma kilimo cha ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usimomonyoke kwenye miteremko mikali. Kijiji cha Kindimba kilikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Ya pili ni kikombe, na hapo jina la Mbinga hupotea.

Japan ilifungua soko la kahawa mbichi kutoka nje mwaka 1960. Wapenzi wa kahawa wa huko walishika majina machache: Blue Mountain ya Jamaika, Mocha, na Kilimanjaro, ambayo hukatishwa na kuitwa "Kiriman". Wajapani wenyewe husimulia kwamba jina hilo lilipata nguvu kutokana na filamu ya Hollywood ya 1952, The Snows of Kilimanjaro, aliyoigiza Gregory Peck, iliyotokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya 1936. Yaani muvi ya Marekani ilisaidia kuuza kahawa ya Tanganyika kwa Wajapani. Mkulima hakuwemo hata kwenye picha moja.

Baadaye kanuni za biashara za Japan ziliweka maana rasmi: "Kilimanjaro" ni kahawa ya arabika iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ya eneo la Bukoba. Mchanganyiko unaouzwa kwa jina hilo lazima uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Kwa maana hiyo arabika ya Mbinga, Mbozi au Kigoma inaweza kuandikwa Kilimanjaro kihalali kabisa. Hakuna udanganyifu. Lakini kutoka Mbinga hadi mlima huo ni takriban kilometa 900 kwa mstari ulionyooka. Malawi na Msumbiji ziko karibu zaidi.

Je, mkulima anapata hasara? Jibu si la upande mmoja. Jina la Kilimanjaro limeifanya Japan kuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Tanzania kwa miongo mingi, na Mbinga imenufaika na mlango huo bila kulipia tangazo hata moja. Tatizo ni kwamba jina la pamoja huleta bei ya pamoja. Bei ya arabika duniani huanzia kwenye soko la New York, kisha huongezwa au kupunguzwa kulingana na asili na ubora. Mnunuzi asiyejua Mbinga ipo hawezi kulipa nyongeza kwa ajili ya Mbinga.

Nyongeza hiyo inahitaji mambo ya kawaida tu, ingawa si mepesi. Zichumwe cheri nyekundu pekee, zimenywe siku hiyohiyo, zikaushwe juu ya vichanja na si chini, na AMCOS iuze mzigo wake bila kuchanganywa na wa kwingine hadi unapokobolewa na kupangwa madaraja ya AA, A, B na PB. Mzigo ukichanganywa njiani, jina la kijiji limekwisha hapo, haijalishi kahawa ilikuwa tamu kiasi gani.

Baadhi ya wachoma kahawa wadogo wa Japan wameanza kuandika Mbinga kwenye mifuko yao, kwa herufi zao, pembeni ya neno Tanzania. Hao ndio wanaouza kwa mnywaji anayeuliza kahawa imetoka mlima gani na ililimwa kwa mwinuko upi. Wengine wengi bado wanauza Kiriman. Japan huadhimisha Siku ya Kahawa kila Oktoba 1, tangu mwaka 1983, wakati ambapo Mbinga wakulima wanasubiri malipo ya mwisho kutoka kwenye chama.