Kabla ya Grupu la WhatsApp: Nani Alimsimamisha Dereva Mbaya Pale Kilimatinde?

Basi la mikoani likitoka Dodoma kwenda Singida, ukishapita Kintinku barabara inaanza kuutafuta ukuta wa Bonde la Ufa. Juu ya ukuta huo ndiyo Kilimatinde, wilaya ya Manyoni. Wengi wetu tunaijua kwa kupita pembeni yake tu, kichwa kimeegemea dirisha na hedifoni masikioni. Kumbe eneo hili lina historia ndefu ya jambo ambalo magrupu yetu ya kuripoti madereva yanahangaika nalo mpaka leo: anayeongoza safari akizingua, nani ana uwezo wa kumsimamisha?

Rudi nyuma kidogo. Karne ya 19 hii ilikuwa njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Kila msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa mbele, ndiye suka wa enzi hizo. Anapendeza kuliko wote, anabeba mzigo mwepesi, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Akiwa wa hovyo, wapagazi walikuwa na silaha mbili: kugoma au kutoroka usiku. Kutoroka katikati ya Ugogo si mchezo, maana mbele yako kuna Mgunda Mkali, pori kavu ambalo hata jina lake linakuonya.

Ila wenye nguvu kuliko kirangozi na tajiri wa msafara walikuwa Wagogo wenyewe. Ugogo maji ni ya shida, na visima vilikuwa mikononi mwa watemi. Hupiti bila hongo: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Siku hizi hongo ni rushwa, lakini zamani ilikuwa ada ya njia, halali kabisa machoni pa waliokuwa wakiipokea. Ukileta ujuaji, bei inapanda na msafara unakaa hapo siku kadhaa ukiangaliana na jua. Wazungu waliopita, kina Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, walilalamika sana kwenye vitabu vyao. Mimi nawaelewa Wagogo. Mtu anapita kwako na mamia ya watu, anakunywa maji yako, halafu anashangaa kuulizwa.

Kilichofanya mfumo ule ukae ni kwamba mwenye kuamua alikuwa mbele ya msafara. Ukimkosea huku, yule wa kisima kinachofuata anakusubiri.

Wajerumani walipokuja miaka ya 1890 wakajenga boma Kilimatinde, wakaifanya kituo cha serikali, na hongo ikafa. Reli ikaanza kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912. Wasafiri wakahamia kwenye behewa, Kilimatinde ikabaki kijiji chenye boma la zamani. Kwenye treni hakuna cha kumripoti dereva, humuoni hata sura.

Lami ilipokuja ndipo mambo yakabadilika. Mabasi yakawa mengi, na mchezo wa ligi ukaingia. Sheria ipo, ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na spidi ya basi inajulikana: 80 kwa saa, 50 kwenye makazi. Ila madereva walishajiunganisha kabla yetu sote. Gari linalokuja mbele linapiga taa mara mbili, suka anaelewa: trafiki yupo na tochi. Anapunguza, anapita kistaarabu, akivuka tu anakanyaga tena. Ule ulikuwa mtandao wa kijamii kamili, bila bando wala admini, na ulifanya kazi vizuri kuliko wa abiria.

Abiria tulikuwa na nini? Mdomo. Na mdomo wenyewe ulikuwa umegawanyika. Mama wa siti ya nyuma anasema "dereva punguza, tuna watoto," kijana wa siti ya tatu anajibu "kanyaga babu, tuwahi." Konda anaongeza sauti ya muziki. Mjadala umeisha.

Majirani zetu Kenya waliupima huo mdomo kitaalamu. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika stika ndani ya matatu za masafa marefu zikiwahimiza abiria waseme dereva akiendesha vibaya. Kulikuwa na bahati nasibu ya madereva ili stika zisibanduliwe. Madai ya bima kwenye gari zenye stika yakashuka kwa nusu au zaidi. Wakarudia kwa maelfu ya magari, kushuka kukawa kati ya robo na theluthi. Stika, jamani! Karatasi tu.

Kampeni ile baadaye ikaitwa Zusha. Mkenya akisikia zusha anaelewa piga kelele, kataa. Mbongo akisikia kuzusha anaelewa kutunga uongo. Neno moja, na hapo hapo ndipo lilipo tatizo zima la anayeendesha grupu la kuripoti madereva. Nitalirudia.

Tarehe 4 Julai 2016, mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso Maweni, tarafa ya Kintinku, humu humu Manyoni. Moja linatoka Dar, lingine linakwenda Dar. Walikufa watu karibu 30 na wengine wengi wakajeruhiwa. Taarifa za wakati ule zilitaja mzaha wa madereva waliokuwa wakisalimiana walipokuwa wanapishana. Salamu! Kama ulishawahi kukaa siti za mbele unajua hizo salamu za kuchezeana usukani zilivyozoeleka, na abiria wengine wanacheka.

Miaka hiyo ndiyo magrupu yalikuwa yanapamba moto. Linalojulikana zaidi ni la Mabalozi wa Usalama Barabarani, RSA, ambamo abiria wa kawaida wamo pamoja na askari wa usalama barabarani, wanasheria na watu wa mabasi. Unaandika jina la basi, namba ya usajili, linatoka wapi linakwenda wapi, lipo wapi sasa hivi na limefanya nini. Ukiwa na picha ya skrini inayoonyesha spidi ya GPS, bora zaidi. Ujumbe unamfikia mtu aliye mbele ya basi, kwenye kizuizi kinachofuata, na basi linasimamishwa.

Hebu uone kilichotokea hapo. Safari hii abiria naye ameunganishwa na mtu wa mbele, kama msafara ulivyokuwa ukisubiriwa kwenye kisima kinachofuata. Taa za madereva zilikuwa zinamlinda dereva dhidi ya askari wa mbele, simu ikamwamsha askari huyo huyo. Kelele za ndani ya basi dereva anaweza kuzizima kwa muziki, lakini meseji iliyoshavuka Manyoni haijui.

Sasa turudi kwenye kuzusha. Admini wa grupu kama hilo ana kazi ngumu kuliko tunavyofikiri. Kuna abiria aliyegombana na konda kwa sababu ya mzigo, anaamua kulipiza kwa kuandika "dereva amelewa." Kuna wa kampuni pinzani. Kuna anayetuma video ya mwaka juzi kama ya leo. Ukiipeleka bila kuuliza, dereva wa watu anashushwa njiani, anapoteza kazi, na familia yake haina WhatsApp ya kujitetea. Ukichelewa kwa kuuliza sana, basi limeshafika kwenye kona. Juu ya hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kusambaza taarifa za uongo ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kwa hiyo maswali ya admini, "namba ya gari? upo wapi? picha?", yanayowaudhi wengi, ndiyo yanayofanya askari wa mbele aamini ujumbe unaofuata. Grupu likishadanganya mara mbili tatu, hakuna atakayetoka kivulini kusimamisha basi.

Serikali nayo ikaja na mashine. SUMATRA, ambayo tangu 2019 nafasi yake imechukuliwa na LATRA, ilileta mfumo wa kufuatilia mabasi, ule unaopiga kelele spidi ikizidi huku ofisini wanaona kila kitu kwenye skrini. Kuna waliosema magrupu yamekwisha kazi. Mimi sikubali. Kifaa kinajua basi lilikuwa 96. Hakijui kwamba liliovateki lori kwenye kona ya kupanda Kilimatinde huku mbele kuna Noah inakuja. Wala hakioni salamu.

Halafu Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa kutembea usiku kucha, baada ya takribani miaka 30 ya katazo. Kwa biashara ni sawa kabisa. Ila saa nane za usiku basi likiwa kwenye ule ukuta wa Bonde la Ufa, abiria hamsini wamelala, simu ziko kwenye chaji au zimezima, na aliye macho pamoja na dereva ni konda, ambaye mshahara wake unatoka mfuko ule ule. Magrupu bado yanapokea ripoti nyingi za mchana.