Kaseti za Gemu za Eastlands: Tarikhi ya Bidhaa Ghushi na Mafundi Wake

Mwezi wa Julai mwaka 2021, katika mnada uliofanyika Marekani, kaseti ya Super Mario 64 ambayo haikuwahi kufunguliwa, wala kutiwa katika mashine, wala kuguswa na mtoto yeyote tangu itoke kiwandani, ilinunuliwa kwa dola 1,560,000. Na mwezi uliofuata nyingine ya Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, nayo ikiwa bado imo ndani ya nailoni yake, ikauzwa kwa dola milioni 2. Mtu aliyelelewa Buruburu, Umoja au Dandora katika miaka ya tisini, akisikia habari kama hizo, hana budi kustaajabu, si kwa wingi wa fedha tu, bali kwa kuwa katika mitaa ile kaseti isiyofunguliwa haikuwa na adhama yoyote: ilikuwa bidhaa iliyokaa dukani ikingoja mnunuzi, ilhali kaseti yenye jina ni ile iliyokwisha zunguka nyumba kwa nyumba, ikabanduka karatasi yake ya picha, ikafunguliwa na fundi na kufungwa tena kwa gundi au kwa utepe, na bado ikitiwa mashineni inaamka. Kwa sababu hiyo, atakaye kuandika tarikhi ya kaseti za gemu katika upande huu wa mashariki ya Nairobi imempasa akubali tangu mwanzo kwamba anaandika juu ya vitu vya kughushi, na juu ya watu waliovifanya vidumu kuliko walivyokusudia walioviunda.

Asili yenyewe yajulikana. Wazo la kuutia mchezo ndani ya kifuko kinachochomekwa na kuchomolewa lilifika sokoni mwaka 1976 kwa mashine ya Fairchild Channel F, iliyotengenezwa Marekani chini ya uongozi wa mhandisi Jerry Lawson, mmoja wa watu weusi wachache mno katika kazi hiyo zama zile; lakini mashine ambayo mkondo wake ulifika kwetu ni Family Computer ya kampuni ya Nintendo, iliyobuniwa na Masayuki Uemura na kuanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983. Kaseti yake ilikuwa na meno 60, na ndani yake kibao chembamba chenye chipu mbili, moja ya maagizo ya mchezo na moja ya picha, ambazo katika Super Mario Bros. zilibeba kilobaiti 40 kwa jumla, yaani kiasi kidogo kabisa kuliko picha moja ipigwayo kwa simu ya siku hizi. Hata kabla ya miaka ya themanini kwisha, viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China bara, vilikuwa vimekwisha inakili mashine hiyo, kwanza chipu kwa chipu, kisha vikazikusanya chipu zote katika moja, vikaifunika kwa tone la gundi nyeusi, vikaitia katika maganda ya kila umbo na kila jina, na kuipeleka katika nchi ambazo kampuni yenyewe haikujali kuzifikia.

Wako wanaoona haya kwamba tulicheza kwa mashine bandia. Mimi sioni pa kuonea haya, maana ile ya halali isingetufaa. Mashine ya Japani ilitaka umeme wa volti 100, na kwetu ukutani mna 240. Ilitoa picha kwa utaratibu wa NTSC, na televisheni za Kenya zilifuata ule wa PAL, hata kama picha ingeonekana, rangi zingepotea. Waghushi ndio waliojishughulisha kuunda mashine iliyotoa picha kwa kanuni zetu, 50 kila sekunde badala ya 60, na papo hapo ikawa yaweza kuzisoma kaseti za Kijapani bila kuziharibu. Natija yake ni jambo ambalo wachache hulitambua: muziki wa Mario, ambao mwendo wake hufuata hesabu ya picha, ulisikika kwetu kwa sauti karibu ileile ya Tokyo lakini kwa kasi iliyopungua sehemu moja katika sita, na Mario mwenyewe alikimbia kwa upole uleule. Mtu wa rika lile akiusikia leo kwa mwendo wake wa asili huuona una haraka isiyo na sababu.

Zamani bidhaa za namna hii hazikuwa rahisi kupatikana nchini, kwa kuwa tangu miaka ya sabini mwenye kutaka kuagiza kitu kutoka ng'ambo alihitaji leseni ya serikali na fedha za kigeni zilizotolewa kwa kupimwa, mpaka leseni hizo zilipoondolewa katika mwaka 1993 na mlango ukafunguka. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili iko Eastleigh. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka huko Mogadishu mwezi wa Januari 1991, Wasomali waliokimbia vita waliingia mtaani humo, na katika nyumba moja ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge wakaanza kuuza bidhaa ndani ya vyumba vyao vya kulala, hata vyumba vikageuka maduka na nyumba ikageuka soko, na Dubai ikawa karibu na Eastlands kuliko Mombasa. Yaliyopita kwa njia hiyo yalikuwa nguo, saa, redio na vitu vyepesi vya umeme, na vilivyopita navyo ni hivyo tunavyovizungumza.

Na mitaa yenyewe haikuwa ya namna moja. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya arobaini, inasimuliwa kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitalia, ili Mwafrika aliyeajiriwa apate mahali pa kukaa na jamaa yake. Buruburu ilianza mwaka 1973, nyumba za kununuliwa kwa mkopo, kila moja na sebule yake na mita yake ya umeme. Dandora ikafuata kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vyenye choo na bomba ambavyo mwenyewe alipaswa kuvijengea vyumba, akae kimoja na vingine avipangishe. Mashine moja ikawa na maisha mawili tofauti. Ikiingia Buruburu aghalabu ilikuwa zawadi ya mtoto aliyefaulu mtihani, na sheria yake ilikuwa sheria ya mama mwenye nyumba. Ikiingia Dandora au Kayole yamkini ilikuwa rasilmali ya kijana mwenye televisheni ndogo ya Great Wall na benchi, aliyetoza kwa mchezo, na sheria yake ilikuwa sarafu ya shilingi tano, iwe ile ya zamani ya pembe saba au ile ya rangi mbili.

Desturi zilizozaliwa hapo ni nyingi, nami nitataja chache. Kaseti haikununuliwa mara mbili na mtu mmoja: mtu akishaichoka aliibadilisha kwa nyingine, na kama ya mwenzake ilikuwa bora aliongeza pesa juu, na ubora ulijulikana kwa mchezo, si kwa picha, madhali picha za juu zilisema uongo mtupu. Zilikuwapo zilizojiandikia michezo 9999999, ambazo mtu akizipekua alikuta michezo ile michache, ile ya vifaru ya Namco, Circus Charlie, Contra, ikirudiwa kwa majina mengine au kwa kuanzia hatua ya mbele. Katika kucheza, mchezaji aliyekufa mchezoni alimwachia mwenzake pedi, yaani kile kidude cha vibonyezo kishikwacho mkononi. Na ile siri ya Contra, juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto kulia, kushoto kulia, kisha B na A, iliyompa mchezaji roho 30, ilienea mtaa kwa mtaa kwa midomo tu, na sidhani kama alikuwapo mtoto mmoja aliyejua kwamba aliyeianzisha ni Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, ambaye katika mwaka 1986, akiushughulikia mchezo wa Gradius, aliuona mgumu mno kwake mwenyewe kuujaribu, akajiwekea njia ya mkato. Fauka ya hayo, kaseti nyingi za kughushi hazikuwekwa betri ya kuhifadhia mahali mchezaji alipofika, kwa hiyo mchezo ulipaswa kumalizwa kwa kikao kimoja. Na katika mwaka 2000, ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa ya mto Tana na umeme ukawa wa mgao, wengi walizimiwa wakiwa karibu na mwisho.

Desturi iliyoenea kuliko zote ilikuwa ile ya kupuliza. Kaseti ikikataa kuamka ilitolewa, ikapulizwa menoni kwa pumzi ndefu, ikarudishwa, na ikiamka sifa zilipewa pumzi. Insafu yataka isemwe kwamba pumzi haikutenda lolote la heri. Kilichosaidia ni kule kutoa na kurudisha, ambako meno yalijikwangua dhidi ya vijiwaya vya tundu na kupata mgusano mpya, ilhali unyevu wa pumzi ulizidisha kutu, hasa katika kaseti za kughushi, ambazo meno yake hayakupakwa dhahabu kama yale ya kaseti asili.

Hapo ndipo anapoingia fundi wa redio, ambaye kwa maoni yangu ndiye mhusika mkuu wa tarikhi hii. Hakusomea mashine za gemu, wala hakuwa na mchoro wake. Alijua redio na televisheni, na alijua kwamba kitu chochote cha umeme kina mahali kinapoingilia umeme, mahali kinapotolea picha, na mahali kinapoguswa na watu, na kwamba katika mahali hapo patatu ndipo uharibifu hupenda kukaa. Alianza na adapta, lile tofali zito la ukutani, akilipima kwa mita yake, kisha akafungua ganda la mashine na kuitazama ile chipu yenye miguu mitatu, 7805, iliyofungwa kwa skrubu juu ya kipande cha bati, ambayo kazi yake ni kuyapokea yanayotoka kwa adapta na kuyashusha yawe volti 5. Nayo kwa kuwa hugeuza ziada yote kuwa joto, katika nyumba za mabati wakati wa mchana ilikuwa ya kwanza kufa. Nyingine aliitoa katika mzoga wa redio, akailehemu pale pale. Tundu la kaseti alilishughulikia kwa sindano, akiinua kijiwaya kimoja kimoja kilicholala, na meno ya kaseti akayasugua kwa raba ya kufutia penseli hadi shaba ing'ae, kisha akayapitishia pamba yenye spiriti. Pedi ilipokuwa haisikii kidole, kwa sababu ule weusi ulio chini ya mpira wa kibonyezo umelika, alikata kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akakigundisha mahali pake, na kibonyezo kikawa kikali kuliko kilipokuwa kipya. Kitu kimoja tu hakikuwa na dawa: ufa ulioingia chini ya lile tone la gundi nyeusi, ambapo nyaya ni nyembamba kuliko unywele. Hapo fundi mwaminifu alirudisha kilicholetwa na hakutoza.

Serikali ilichelewa kumwona mtu wa namna hii. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji na kuwaahidi vibanda, na mwaka 1992 ikatolewa waraka wa Bunge juu ya biashara ndogo na jua kali. Lakini hayo yalihusu zaidi wafua bati na maseremala, na fundi wa redio aliendelea kukaa kwenye baraza ya duka la mtu mwingine.

Mwisho wa biashara hii haukuchukua muda. PlayStation, iliyotoka Japani mwezi wa Desemba 1994, ilifika mitaani kwa wingi miaka kadhaa baadaye, na sidii yake iliyonakiliwa ilikuwa rahisi kwa bei kuliko kaseti yoyote. Vibanda vya gemu vikageuka vya michezo ya mpira wa miguu, na kaseti zikaingia uvunguni, katika magunia, na mwishowe katika jaa la Dandora. Kenya ilipopitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi mwaka 2008, kaseti zilikuwa zimekwisha jiondokea sokoni zenyewe.

Leo wako wanaozitafuta. Anayepita soko la Gikomba huweza kukuta kaseti katika marobota ya vitu vya watoto kutoka Ulaya au Marekani. Lakini hizo zina meno 72, haziingii katika mashine zetu bila kiunganishi, nazo si za tarikhi yetu. Zetu ni zile za manjano na buluu zenye picha za uongo. Baadhi yake zina michezo iliyobadilishwa na waghushi ambayo haipatikani katika kaseti nyingine yoyote, na ng'ambo wako watu ambao kazi yao ni kuzisoma kupitia meno yake na kuziweka nakala katika kompyuta kabla hazijafa. Mnunuzi wa mnada angezitupa. Mimi nasema zina haki ya kuwekwa katika makumbusho ya mji huu, pamoja na mashine iliyofungwa kwa utepe na pedi yenye karatasi ya sigara.

Basi msomaji, kama unayo moja nyumbani, usiipulize na usiibandue karatasi yake. Andika katika kipande cha karatasi ilinunuliwa wapi, ilibadilishwa na nani, na ilitengenezwa mtaa gani, kisha uweke pamoja nayo. Na kama mashine ipo lakini haijawashwa kwa miaka, usiichomeke kwa adapta yake ya zamani kabla haijapimwa. Mafundi wa redio wangali wapo.