Chumvi ya Kabatoro na Milango ya Fahamu

Waswahili wamezoea kuviita viungo vya hisi milango ya fahamu, na jina hilo linafaa sana. Ulimwengu huingia mwilini kwa macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, kisha habari zake hupelekwa na mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi somo hili hufundishwa kwa picha ya kichwa iliyochorwa ubaoni, kana kwamba viungo hivyo havina historia. Sisi twaona vinayo, nasi tumechagua kuieleza kwa mfano wa Katwe-Kabatoro, mji mdogo wa wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda.

Karibu na mji huo liko Ziwa Katwe. Limo ndani ya kasoko ya volkeno ya kale, nalo limetengwa na Ziwa Edward kwa ukanda mwembamba wa ardhi. Chemchemi huingiza maji yenye chumvi, wala hakuna mto utokao. Jua huyakausha maji, chumvi hubaki. Kandokando ya ziwa watu wamegawana vijaruba vilivyotengwa kwa kuta za matope na miti. Humo maji hukauka na chumvi huganda, ikakusanywa kwa mikono, kazi ambayo sehemu kubwa hufanywa na wanawake. Wanaume huingia ziwani kwenyewe, maji yakiwafika kiunoni au kifuani, wakaibandua chumvi ya mawe iliyo chini kwa mitaimbo.

Chumvi hiyo iliwatia wafalme tamaa. Katika karne ya 19 ilisafirishwa mbali kwa miguu na kwa mitumbwi, na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, aliweka askari wake kuilinda. Henry Morton Stanley alipita Katwe mwaka 1889 akaliona ziwa. Mwaka 1891 akaja Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza. Akawaondoa askari wa Kabalega, akajenga hapo ngome iliyoitwa Fort George. Mwaka huohuo alimsimika Kasagama kuwa mfalme wa Toro. Aliyeishika Katwe alishika kitu ambacho hakuna jungu lililoweza kukikosa.

Je, ulimi huitambuaje chumvi? Juu ya ulimi mna vinundu vidogo vinavyoonekana kwa macho. Katika vingi vya vinundu hivyo mna vifuko vya kuonjea, na kila kifuko kina chembe hai zipatazo 50 hadi 100. Chumvi kavu haina ladha mpaka iyeyuke katika mate. Ikiisha kuyeyuka, sodiamu hupenya katika milango midogo mno ya chembe hizo, nazo hupeleka habari ubongoni. Chembe za kuonjea hazidumu. Kwa kawaida hufa na kuzaliwa nyingine baada ya siku kumi hivi. Ndiyo maana ulimi ulioungua kwa chai hurudia hali yake upesi.

Hapa hatuna budi kuwatahadharisha walimu wenzetu juu ya kosa moja la vitabuni. Wengi wetu tulifundishwa kwamba utamu huonjwa kwenye ncha ya ulimi, chumvi na ukali pembeni, na uchungu nyuma. Ramani hiyo ilitokana na uchunguzi wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, aliyegundua tofauti ndogo tu baina ya sehemu na sehemu. Mwaka 1942 Mmarekani Edwin Boring alizichora upya hesabu zake kwa namna iliyozikuza tofauti hizo, na wasomaji wakadhani kila ladha ina makao yake. Mwaka 1974 Virginia Collings alipima tena, akathibitisha kwamba tofauti zipo lakini ni hafifu. Kila sehemu yenye vifuko vya kuonjea huweza kuzipokea ladha zote.

Wenyeji wa Katwe hawakuhitaji ramani hiyo. Maji ya ziwa lao yana chumvi ya kulia pamoja na magadi na madini mengine, na kila mpishi ajua kwamba magadi yakizidi, chakula huwa kichungu. Kwa hiyo chumvi hupangwa kwa daraja: iliyo safi huenda jikoni, na ile ya mawe, iliyochanganyika zaidi, huenda hasa kwa mifugo. Kwa vizazi vingi mizani ya kwanza ya kazi hiyo ilikuwa jicho na ulimi.

Pua nayo ina sehemu yake. Ziwa hutoa hewa yenye harufu ya yai bovu. Juu kabisa ndani ya pua mna chembe za kunusia, ambazo kwa binadamu zina vipokezi vya aina zipatazo 400. Linda Buck na Richard Axel walivieleza vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Lakini pua huzoea. Zaidi ya hayo, hewa hiyo ikiwa nyingi hulemaza uwezo wa kunusa. Mchimbaji asemaye kwamba harufu imekwisha huenda ni pua yake iliyokwisha kazi, na hatari ingali pale pale.

Mlango ulioumizwa kuliko yote ni ngozi. Ncha za mishipa ya maumivu zimetapakaa karibu na uso wa ngozi, na konea ya jicho ina nyingi zaidi. Maji ya magadi huondoa mafuta ya ngozi, chumvi hunyonya maji yake, ngozi hupasuka, na kila ufa ni njia mpya ya maumivu. Wachimbaji hujikinga kwa plastiki na mpira, kila mtu kwa kadiri awezavyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na kiwanda kilichotarajiwa kuwapunguzia watu taabu hiyo, lakini hakikudumu, kwa kuwa maji ya ziwa yaliyala mabomba yake. Ikiwa chuma kililiwa, sembuse mwili wa mtu?

Lugha yetu inaujua uhusiano huu. Twasema kusikia sauti, kusikia harufu, kusikia baridi na kusikia maumivu, kwa kitenzi kimoja. Tena neno uchungu ni la ulimi na la mwili na la moyo pia. Hata neno munyu, ambalo Waswahili wengi wameliacha wakashika chumvi, lina ndugu yake katika Kiganda, munnyo.

Twashauri basi, mwalimu afundishapo somo hili awape wanafunzi chembe ya chumvi na kipande cha limau, waijaribu wenyewe ile ramani ya ulimi. Wakishaona kwamba haisimami, awaulize chumvi ile imepita mikononi mwa nani kabla ya kufika mezani, na mikono hiyo ilisikia nini.