Gudi, Chelezo na Marikebu ya Majita

Nahodha wa pwani ya bahari, chombo chake kikivuja, hungoja bamvua. Maji yakijaa hukipandisha mchangani, nayo yakipwa hukitia gadi kisije kikalala ubavu, na mafundi hukalafati mbao zake kabla maji hayajarudi. Bahari yenyewe humfanyia kazi ya gudi.

Ziwa Nyanza halimfanyii mtu hisani hiyo, kwa kuwa maji yake hayajai na kupwa kila siku kama ya bahari. Mtumbwi wa Mjita au wa Mkerewe waweza kukokotwa kwa mikono hata nchi kavu. Marikebu ya chuma haikokotwi hivyo. Isipopata gudi, tundu moja chini yake latosha kukomesha safari zake. Twaona vema kuwakumbusha walimu wa Musoma, Bunda na Butiama jinsi jambo hili lilivyoonekana wazi katika pwani yao wenyewe.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Marikebu Winifred na Sybil zilitengenezwa Paisley katika Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa Kisumu na kuungwa tena kando ya ziwa. Bandari hiyo ikawa na karakana na gudi. Vita vilipotokea mwaka 1914, marikebu hizo za abiria na mizigo zilitiwa mizinga na wanamaji wa Uingereza, zikawa manowari. Wadachi walikuwa na boma Musoma na bandari Mwanza, lakini chombo chao kikubwa, Muansa, kilikuwa kidogo kuliko hizo.

Mwezi wa Novemba 1914 Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, rasi iliyo kati ya Musoma na Ghuba ya Speke. Mabaharia wakaiacha katika nchi ya adui. Ikakaa pale yapata miezi sita, wala Wadachi hawakuifanya kuwa yao. Mwezi wa Mei 1915 Waingereza walirudi na askari, wakaielesha, wakaivuta mpaka Kisumu, ikatengenezwa. Mwezi wa Juni 1916 marikebu za Kisumu zilishusha majeshi Ukerewe, na tarehe 14 Julai Mwanza ikatwaliwa.

Hatusemi kwamba gudi peke yake lilishinda vita. Lakini mwenye gudi aliweza kukosea njia, akapanda mwamba, na bado akarudi ziwani. Asiye nalo alikaa na marikebu mlangoni pake isimfae kitu. Wenyeji wa Majita nao walitazama tu mali ya wageni ikija na kuondoka, maana ufundi wa kuitengeneza ulikuwa mbali nao.

Neno moja lastahili kuangaliwa. Katika kamusi za zamani chelezo ni boya, kitu cha kuelea, nalo latokana na kuelea. Siku hizi Tanzania hulitumia kwa mahali pa kupandishia meli nchi kavu. Mkataba wa kujenga chelezo kipya Mwanza ulitiwa sahihi mwaka 2018, na meli ya Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ikatengenezwa upya huko huko. Mwalimu atakapolieleza neno hili darasani, na aonyeshe Majita katika ramani, kisha aupime kwa kidole mwendo ambao Sybil ilivutwa mpaka Kisumu.