Kabla ya Sina Makosa: Bendi Zilizopita Mombo Kwenda Kutafuta Santuri

Ukishapanda basi la Dar kwenda Arusha, Mombo unaijua hata kama hujawahi kulala pale. Gari linasimama, watu wanashuka kuchimba dawa, wengine wanawahi chipsi, wauza matunda wanajaa madirishani. Kulia kwako milima ya Usambara na ile barabara ya kona kona inayopanda Lushoto. Honi ikipigwa unarudi kwenye siti yako, na Mombo imeisha.

Lakini sikia. Hapo unapokula chipsi mayai yako ndipo ilipopita njia iliyotuletea muziki ambao mpaka leo ukipigwa kwenye harusi, bibi na mjukuu wanaamka pamoja. Unaijua Sina Makosa ya Les Wanyika. Wakenya wanasema yao, Wabongo wanasema yetu, na mtandaoni watu wanatukanana kila mwaka kuhusu hilo. Ukweli wake unaanzia Tanga.

Miaka ya 1960 Tanga ilikuwa na hela, na hela yenyewe ilikuwa mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zaidi ya laki mbili, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya ukanda huu: Muheza, Korogwe, Mombo mpaka Mazinde. Vibarua walitoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, watu wasio na shangazi wala mjomba karibu. Mshahara ukitoka, mtu anataka kucheza. Bendi zikaota kama uyoga. Tanga mjini peke yake kulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ushabiki wake ulikuwa wa Simba na Yanga kabisa. Hapo bado hujagusa taarab ya Black Star, waliochomeka gitaa la umeme na besi kwenye muziki ambao wengine waliuona ni wa wazee.

Kwenye Jamhuri Jazz, mwaka 1966, waliingia vijana wa ukoo mmoja, akina Kinyonga. Wilson na George ndio majina yanayokumbukwa zaidi, na baadaye William akaungana nao. Mwaka 1970 wakaondoka Tanga kwenda Arusha, wakaanzisha bendi yao, Arusha Jazz. Sasa angalia ramani. Tanga kwenda Arusha, uwe kwenye reli au barabarani, lazima upite Korogwe, lazima upite Mombo. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mapema tu miaka ya 1900, ikagusa Moshi 1911, Waingereza wakaimalizia Arusha 1929. Kwa reli, Tanga mpaka Mombo ni kama kilomita 130.

Swali ni kwa nini waondoke mji wenye hela. Hapa ndipo watu wengi huwa wanaruka.

Kipindi kile bendi zilikuwa za aina mbili. Kuna bendi za mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza 1964 na ndiyo mama wa Msondo Ngoma ya leo, halafu bendi za polisi, jeshi, JKT, vijana wa chama. Mwanamuziki wa huko alikuwa mwajiriwa. Mshahara upo, vyombo vipo, gari lipo. Asubuhi mazoezi, jioni shoo. Ubaya wake, wewe ni mfanyakazi kama karani, ukiondoka gitaa linabaki.

Aina ya pili ni bendi binafsi. Hawa ndio wale ambao leo tungewaita wasanii wasio na lebo. Wanategemea mlangoni tu: wamekodi ukumbi, wamebandika matangazo, wamepita mtaani na kipaza sauti, halafu wanasubiri watu waje. Ikinyesha, hamli. Mara nyingi hata vyombo si vyao, ni vya mfadhili au klabu, na mwenye vyombo akikasirika bendi inakufa siku hiyo hiyo. Ziara ilikuwa lazima, kwa sababu mji mmoja ukishakuzoea hautoi tena kiingilio. Kwa hiyo amplifaya na ngoma zinapakiwa, watu wanakaa juu ya mizigo, leo Korogwe, kesho Mombo kwa watu wa mashamba, keshokutwa Same. Hakuna aliyeandika kumbukumbu za safari hizo, na hilo linauma.

Na kurekodi je? Tanzania ilikuwa na sehemu moja ya maana, Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima inaingia studio, inapiga wimbo mwanzo mpaka mwisho, kanda inazunguka. Mtu akikosea solo, wote mnarudia. Kabla ya hapo mashairi yamepitiwa yasije yakawa na maneno ya hovyo. Wimbo ukipita unapigwa nchi nzima, kila mtu anakujua, mpaka mtoto wa Mombo anauimba akichunga mbuzi. Ila umaarufu huo hauuziki dukani. Kanda inabaki redioni. Kwa mwanamuziki wa shirika sawa tu, mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Kwa wa bendi binafsi, ni sifa bila ugali.

Santuri ndiyo ilikuwa na hela, na mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa Nairobi. Kwa hiyo barabara ya Mombo haikuwa ya kwenda Arusha tu. Ukifika Arusha, Namanga hiyo hapo. Mwaka 1971 akina Kinyonga wakavuka, wakaanzia Mombasa, na jina likawa Simba Wanyika. Baadaye Nairobi.

Santuri za wakati ule zilikuwa ndogo, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili. Upande wa kwanza mnaimba taratibu, kisa kinaelezwa, msikilizaji anajiona yeye. Unageuza, upande wa pili magitaa yanachemka. Ndiyo maana rumba za kipindi kile zina ule mkato katikati. Wengi wanadhani ni ufundi tu, kumbe ni ukubwa wa sahani. Albamu ilikuja baadaye, na mara nyingi ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo zilizokwishauza moja moja. Jiburudisheni ya Simba Wanyika ilitoka 1984, miaka 13 tangu wavuke. Leo mtu ana nyimbo mbili anatangaza albamu, haya.

Halafu ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, Tanzania inafunga mpaka na Kenya. Haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Fikiria wewe ni mpiga gitaa wa Tanga uliyeko Nairobi: mama yuko upande ule, gari la bendi halipiti Namanga wala Horohoro. Na waliobaki nyumbani njia yao ya kwenda kwenye mashine za santuri imekatwa. Mawimbi ya redio tu ndiyo hayakuhitaji pasi.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1978, baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika wakajitoa, akiwemo mpiga gitaa la rithimu Omar Shabani, yule wanayemwita Profesa. Wakamchukua mwimbaji John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa Kenya tayari, wakafanya mazoezi kama miezi sita kabla ya kupata klabu ya kupigia, Garden Square, Nairobi. Miezi sita bila mlangoni! Wimbo uliotoka hapo ni Sina Makosa. Bendi yenyewe ilikuwa na Watanzania na Wakenya ndani, kwa hiyo wanaogombana mtandaoni wote wako sahihi nusu.

Isionekane kama kuvuka ilikuwa dawa. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz na kuanzisha Super Volcano mwaka 1973, alikuwa mkubwa kuliko wote hawa. Ajali ya gari ilimuua Mombasa, Januari 1979, ana miaka 34, mpaka ukiwa bado umefungwa. Simba Wanyika walifika mpaka Ulaya, Pepea ikatoka Uholanzi 1992, na mwishoni mwa mwaka huo huo George akafariki. Wilson akafuata 1995 na bendi ikaishia hapo. Profesa alifariki 1998, Ngereza 2000.

Hao angalau majina yao yapo. Chukua santuri ya zamani usome ile karatasi ya katikati: jina la wimbo, jina la bendi, mtunzi, basi. Mpiga dramu hayupo. Aliyepiga besi ile unayoitikisia kichwa hayupo. Yule kijana wa tumba aliyelala juu ya amplifaya kutoka Korogwe mpaka Same, ndiyo kabisa hayupo. Kwenye bendi ya watu kumi, wawili watatu ndio walioingia kwenye historia, na hao wengine hata mrabaha wa shilingi mia hauwezi kuwafikia wajukuu zao, maana hakuna karatasi inayosema walikuwepo. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja 1999. Kwa wengi wao ilishachelewa.

Ndiyo maana mzee akikwambia kijiweni kwamba yeye alipiga na Jamhuri au Atomic, usicheke haraka. Inawezekana anadanganya, wazee nao wana zao. Muulize alikuwa anapiga chombo gani, nani alikuwa anamiliki vyombo, na siku mlangoni kukiwa kweupe walikula nini. Washa rekoda ya simu kabla hajaanza kujibu.