Sanduku Linalotaja Mahali: Historia ya Kampuni ya Gamewell

Kabla ya mwaka 1852, moto ukizuka Boston, Marekani, aliyeuona alipiga mayowe na kukimbilia kanisa la karibu. Kengele ilipigwa, nyingine zikaitikia, na wazimamoto wakatoka na pampu zao wakifuata moshi kwa macho. Mji mzima ulijua kwamba kuna moto, lakini ni mtaa gani, haukujua. Kampuni ya Gamewell, iliyokuja kutawala biashara ya ving'ora vya moto Marekani, ilikua kwa kujibu swali hilo moja: moto uko wapi?

Wa kwanza kulitafutia jibu alikuwa msomi wa udaktari, William Francis Channing. Mwaka 1845, mwaka mmoja tu baada ya Samuel Morse kutuma ujumbe wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore, Channing aliandika gazetini kwamba waya za namna hiyo zinaweza kuulinda mji na moto. Akashirikiana na fundi wa umeme, Moses Farmer, na mwaka 1851 halmashauri ya Boston ikatoa dola 10,000 kujenga mtambo wao. Masanduku ya chuma yakafungwa mitaani, kila moja na namba yake, yote yakiunganishwa kwa waya na ofisi kuu. Mtambo ulianza kazi Aprili 28, 1852, na kesho yake ukapokea taarifa yake ya kwanza ya moto.

Wavumbuzi walikuwa na akili nyingi, ila biashara haikuwa fani yao. Mwezi Machi 1855 Channing alitoa mhadhara katika Taasisi ya Smithsonian, Washington. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo John Nelson Gamewell, bwana posta na mpiga telegrafu wa mji mdogo wa Camden, South Carolina. Gamewell alinunua haki ya kuuza mtambo huo katika majimbo ya kusini, na kufikia mwaka 1859 hataza zote zilikuwa mkononi mwake. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Kwa kuwa alikuwa mtu wa Kusini, serikali ya shirikisho ilizichukua hataza zake. Vita vilipokwisha, John Kennard wa Boston alizinunua kutoka serikalini, akamrudishia Gamewell, na mwaka 1867 wakaanzisha ushirika. Mwaka 1879 ndipo ilipoundwa kampuni yenyewe, Gamewell Fire Alarm Telegraph Company, yenye nembo ya ngumi iliyoshika radi.

Bidhaa yake kuu ilikuwa sanduku, na ndani yake mlikuwa na mashine inayofanana na saa ya ukutani. Ukivuta ndoano, kamani inafunguka na kuzungusha gurudumu la shaba lenye meno. Meno hayo hukata na kuunganisha mkondo wa umeme kwa mpangilio wa namba ya sanduku. Sanduku la 52 hugonga mara tano, hutulia, kisha hugonga mara mbili. Mvutaji hahitaji kujua lolote, wala hawezi kukosea namba, kwa sababu imechongwa kwenye chuma. Tatizo lilibaki pale masanduku mawili ya waya mmoja yalipovutwa pamoja: ishara zilivurugana. Mafundi walihangaika nalo kwa miaka, hadi wakaunda sanduku linaloacha jingine limalize kabla ya lenyewe kuanza kugonga.

Chicago ilionyesha hasara ya kutaja mahali vibaya. Usiku wa Oktoba 8, 1871, mlinzi aliyekuwa juu ya mnara wa mahakama aliona moto, akaukadiria kwa jicho, na kuagiza ipigwe namba ya sanduku la 342. Sanduku hilo lilikuwa karibu maili moja kutoka kwenye moto wenyewe. Mlinzi alipogundua kosa lake, mpiga telegrafu alikataa kubadilisha namba, akihofia kuwachanganya wazimamoto. Ukame, upepo na nyumba za mbao vilifanya yaliyobaki, lakini dakika za mwanzo zilikuwa zimeshapotea.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Boston yenyewe. Jioni ya Novemba 9, 1872, sanduku la 52, kwenye kona ya mitaa ya Summer na Lincoln, lilitaja mahali sawasawa, ila kwa kuchelewa. Masanduku yalikuwa yakifungwa kwa kufuli na funguo kukaa kwa polisi na watu wachache walioaminiwa. Isitoshe, farasi wa kuvuta pampu walikuwa wagonjwa wa mafua. Majengo 776 yaliteketea. Baadaye ikatengenezwa milango isiyohitaji ufunguo, na mpita njia yeyote akapata uwezo wa kuita msaada.

Boston hiyohiyo ililea pia king'ora cha wezi. Augustus Russell Pope alipata hataza yake mwaka 1853, na Edwin Holmes akainunua na kuifanya biashara. Mlango au dirisha likifunguliwa, kengele inalia. Kengele hiyo ilimwamsha mwenye nyumba tu, hivyo Holmes naye akavuta waya hadi kwenye kituo kikuu, ili walinzi wajue ni jengo gani limevamiwa. Mwaka 1877 waya zake hizo zilitumika pia katika majaribio ya simu mjini humo.

Gamewell iliendelea kupanuka. Ilifungua kiwanda Newton Upper Falls, Massachusetts, ikatengeneza pia masanduku ya polisi, na kufikia mwaka 1890 mitambo yake ilikuwa katika miji ipatayo 500. Mwanzilishi alifariki mwaka 1896. Simu za nyumbani, kisha za mkononi, ziliyafanya masanduku yaonekane ya kizamani, na miji mingi ikayang'oa.

New York nayo ilitaka kuyaondoa yake. Viziwi wakaenda mahakamani, na mwaka 1996 jaji wa shirikisho akawapa haki, kwa kuwa mtu asiyeweza kutumia simu ya kawaida bado anaweza kusimama mbele ya sanduku la mtaani na kuita zimamoto. Boston haikuyang'oa kabisa. Idara yake ya zimamoto bado inayahudumia. Jina la Gamewell nalo lipo hadi leo, kwenye mitambo ya kutambua moto inayouzwa na kampuni ya Honeywell.